Teluridi ya Bismuthi, Kampaundi Iliyomo Ndani ya Peltier: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina tatu wanaofika kwenye meza ya ufundi hapa Dodoma: wenye dispensa za maji zilizoacha kupooza, wanafunzi wa fizikia na uhandisi wanaosaka mradi wa mwaka wa mwisho, na watu wa biashara waliosikia kuwa kuna friji isiyo na gesi. Majibu yamefuata namna watu wanavyouliza, kwa hiyo usishangae kukuta suala la insulini limekaa karibu na la zabibu. Joto limeandikwa kwa nyuzi za Selsiasi, isipokuwa pale Kelvini ilipotajwa.

Teluridi ya bismuthi ni kitu gani?

Ni kampaundi ya elementi mbili, na ndiyo inayofanya kazi ndani ya Peltier, kile kibao chembamba kinachopooza kwa umeme bila gesi. Ya kwanza ni bismuthi, metali nzito iliyo jirani na risasi kwenye jedwali la elementi (namba 83). Ya pili ni teluri (namba 52), ndugu wa salfa na seleni. Fomula yake ni Bi₂Te₃. Ukiiona kwa macho ni kitu cha kijivu kinachong'aa kama metali, kizito (karibu gramu 7.7 kwa sentimita moja ya ujazo), laini na rahisi kuvunjika. Huyeyuka kwenye nyuzi 585 hivi. Majini haiyeyuki.

Kiumeme ni semikondakta yenye pengo dogo sana la nishati, kama elektronivolti 0.15, wakati silikoni ina 1.1. Atomi zake zimejipanga kwa matabaka ya tano-tano: teluri, bismuthi, teluri, bismuthi, teluri. Ndani ya kila tabaka atomi zimeshikana barabara, lakini tabaka moja na jingine hushikana kwa nguvu hafifu, ndiyo maana fuwele yake hubanduka ganda kwa ganda kama ulanga. Udhaifu huo ndio unaoipa sifa yake kubwa, na ndio huohuo unaoifanya itoe unga ikivunjika.

Kwenye kifaa cha dukani hutaikuta ikiwa tupu. Nusu ya vipande vyake huchanganywa na seleni kidogo, nusu nyingine huchanganywa na antimoni kwa wingi. Hilo lina maana tutakapofika kwenye usalama.

Inapoozaje bila gesi wala kompresa?

Ukipasua Peltier utakuta vibao viwili vyeupe vya kauri, na katikati yake safu za vipande vidogo vya kijivu vimesimama kama matofali. Vipande hivyo ni vya aina mbili. Aina ya n husafirisha umeme kwa elektroni, na aina ya p husafirisha kwa mashimo, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni. Vimeungwa kwa vibati vya shaba, n kisha p kisha n, hadi mwisho wa safu. Umeme wa DC ukipita, elektroni na mashimo hubeba joto kutoka kibao kimoja kwenda kingine. Ukigeuza waya, upande uliokuwa wa baridi unakuwa wa moto.

Joto hilo halipotei. Linahamishwa tu, tena njiani linaongezewa joto la umeme wenyewe. Chukua Peltier ya kawaida ya sentimita 4 kwa 4: ikiondoa wati 25 za joto kutoka ndani ya boksi huku ikila wati 50 za umeme, upande wa nyuma lazima utupe wati 75. Ukishindwa kuzitupa, zinarudi mbele. Matatizo mengi yanayoletwa hapa mezani yanaanzia kwenye hesabu hiyo ya 75.

Kwa nini itumike hii na si shaba au silikoni?

Wanafunzi, hili ndilo lenu. Ubora wa kitu kwa kazi hii hupimwa kwa namba iitwayo ZT. Chukua volti inayozalishwa kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, yaani kizio cha Seebeck, uizidishe kwa yenyewe. Zidisha tena kwa upitishaji umeme na kwa joto la Kelvini, halafu gawanya kwa upitishaji joto. Kwa teluridi ya bismuthi iliyochanganywa vizuri, tarakimu za kukaribia ni hizi: mikrovolti 200 kwa nyuzi, upitishaji umeme wa siemensi 100,000 kwa mita, upitishaji joto wa wati 1.5 kwa mita kwa Kelvini. Kwenye Kelvini 300 unapata 0.8.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa shaba. Inapitisha umeme vizuri mno, lakini kizio chake cha Seebeck ni kama mikrovolti 2 tu, na inapitisha joto wati 400. Utapata kama 0.0002. Silikoni nayo ina kizio kizuri cha Seebeck, ila fuwele yake hupitisha joto karibu mara 100 zaidi ya teluridi ya bismuthi, kwa hiyo upande wa baridi na wa moto husawazishana kabla kazi haijaanza. Tunachotafuta ni kitu kinachoachia umeme upite na kuzuia joto lisipite, na vitu vya namna hiyo ni adimu. Atomi nzito na matabaka yaliyoshikana kilegevu ndivyo vinavyolikwamisha joto hapa.

Kwa miaka mingi ZT ya vifaa vya dukani imekaa karibu na 1. Mwaka 2008 watafiti wa Boston College na MIT walisaga kampaundi ya aina ya p hadi chembe za kiwango cha nanomita, wakaishindilia upya kwa joto, wakafika 1.4 karibu na nyuzi 100. Kwenye Peltier za bei chee zinazofika kwetu usitegemee hayo.

Nani aliyeanzisha mambo haya?

Thomas Seebeck aliona umeme na joto vinavyohusiana kwenye metali mbili zilizounganishwa mwaka 1821. Jean Peltier akaona upande wa pili wa jambo hilo mwaka 1834. Kwa zaidi ya miaka 100 halikuwa na faida kubwa kwa sababu metali hazifai. Mwaka 1954 Julian Goldsmid, akiwa na mwenzake katika kampuni ya GEC huko Uingereza, alionyesha kuwa teluridi ya bismuthi inaweza kupooza hadi chini ya nyuzi sifuri. Enzi hizohizo Abram Ioffe na wenzake kule Leningrad walikuwa wakisukuma wazo la kuchanganya kampaundi ili kuzuia joto. Mchanganyiko wenye antimoni na seleni tunaoutumia leo umetokana na kazi za kipindi hicho.

Dispensa yangu inatoa maji ya vuguvugu. Peltier imekufa?

Pengine haijafa. Kwanza hakikisha dispensa yako ni ya Peltier. Yenye kompresa ni nzito upande wa chini, ina wavu mweusi wa mabomba nyuma, na ukisikiliza inawaka na kuzima kwa mngurumo. Ya Peltier ni nyepesi, ina feni tu, na feni hiyo huzunguka karibu muda wote.

Kama ni ya Peltier, chomoa waya ukutani, fungua kifuniko cha nyuma, uangalie kwa utaratibu huu. Cha kwanza ni vumbi. Hapa kwetu kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, upepo upo, na barabara nyingi za mitaa ni za udongo. Ile hitisinki, bamba la aluminiamu lenye mapezi, hujaa vumbi jekundu lililogandamana hadi upepo wa feni haupiti. Ukishika mapezi utakuta ya nje ni baridi na ya katikati yanaunguza. Hapo jibu umeshalipata. Brashi kavu na pampu ya upepo vinamaliza kazi.

Cha pili ni feni yenyewe. Ikizunguka kwa kusuasua, badilisha. Cha tatu ni grisi ya joto kati ya Peltier na hitisinki, ambayo baada ya muda hukauka na kuwa kama chokaa. Futa yote, paka mpya, nyembamba, ya kujaza mikwaruzo tu. Nimeona watu wakipaka nene kama siagi kwenye mkate, ikawa imezuia joto kuliko ile iliyokauka. Cha nne ni ubao wa umeme unaotoa volti 12: kapasita zikivimba vichwa, volti hushuka. Kuwa mwangalifu hapo, kapasita kubwa ya upande wa 230 inaweza kubaki na volti kama 300 hata baada ya kuchomoa waya. Peltier iwe ya mwisho kushtakiwa.

Halafu kuna jambo ambalo si ubovu. Dispensa ya namna hii hupooza kwa kulinganisha na joto la chumba. Julai, chumba kikiwa na nyuzi 20, utakunywa maji ya baridi safi. Mwishoni mwa Oktoba, ofisi ya mabati isiyo na dari ikifika 33, dispensa ileile itakupa maji ya 18 au 20, nawe utasema imeharibika. Pia mji wetu uko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni ileile inachukua joto pungufu kidogo. Dukani hawakwambii hilo.

Namba 12706 iliyoandikwa juu yake ina maana gani?

127 ni idadi ya jozi za n na p ndani yake, na 06 ni ampea 6, kiwango cha juu cha umeme. 12703 ni ampea 3, 12710 ni ampea 10. Kikomo cha volti kwa jozi 127 ni kama 14 hadi 16 kutegemea joto la upande wa nyuma, lakini watu huendesha kwa 12 na ndivyo inavyofaa. Tofauti kubwa kabisa ya joto kati ya pande mbili ni nyuzi 66 hivi, na hiyo hupatikana pale tu ambapo haipoozi kitu chochote. Muuzaji akikwambia "inashuka nyuzi 66", hajasema uongo. Amekuficha nusu ya pili.

Nitaipimaje kwa mita?

Hapa mafundi wengi hupotea. Ukiweka mita kwenye omu, 12706 nzima inatakiwa kuonyesha karibu omu 2. Lakini ukigeuza ncha za mita namba inabadilika, mara nyingine inakwenda hasi, na mtu anaitupa Peltier nzima akidhani imekufa. Sababu ni kwamba umeishika kwa vidole, upande mmoja umepata joto, nayo inazalisha volti zake na kuichanganya mita.

Tumia tabia hiyo kwa faida yako. Weka mita kwenye milivolti za DC, laza Peltier juu ya kipande cha chuma cha baridi, kisha weka kiganja juu. Kila jozi hutoa karibu milivolti 0.4 kwa nyuzi moja, kwa hiyo jozi 127 hutoa kama 50. Kiganja tu kinatosha kupandisha namba hadi makumi ya milivolti mbele ya macho yako. Ikipanda taratibu bila kurukaruka, minyororo yote ya ndani imeungana. Ikibaki sifuri au ikirukaruka unapoibinya pembeni, kuna kipande kimepasuka au lehemu imeachia.

Kwa kujua upande wa baridi, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde mbili. Usiamini maandishi, viwanda havifuati utaratibu mmoja.

Mama yangu anatumia insulini. Kafriji kadogo ka gari kanafaa kuitunzia?

Swali hili nalijibu polepole kila mara. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande. Vifriji vingi vya Peltier hushuka nyuzi 15 hadi 20 chini ya joto la nje. Fanya hesabu kwa hapa: nje nyuzi 32, ndani utapata 12 hadi 17. Ndani ya gari lililoegeshwa juani pale stendi, joto la gari likifika 45, ndani ya kafriji unaweza kukuta 27. Na vingi havina kidhibiti joto: vinawaka tu, mchana vinashindwa, na usiku wa Juni chumba kikiwa 15 vinaweza kushuka hadi kugandisha. Pande zote mbili ni hasara.

Kwa hiyo akiba ya insulini ikae kwenye friji ya kompresa, mlango usifunguliwe ovyo, chupa isigusane na chumba cha barafu. Ile aliyoanza kuitumia, karatasi iliyomo ndani ya pakiti inasema ikae kwenye joto lisilozidi kiasi gani na kwa siku ngapi. Nyingi huruhusu wiki kama nne chini ya nyuzi 25 au 30. Kwa hiyo iliyofunguliwa, mtungi wa udongo uliolowekwa na kuwekwa kivulini penye upepo unafanya kazi vizuri hapa kwetu, hasa miezi ya kiangazi hewa ikiwa kavu, kwa sababu maji yanavukiza haraka. Kule Tanga kwenye unyevu mambo hayaendi hivyo. Muulize mfamasia wa hospitali anakotibiwa mama, ukiwa na jina la dawa mkononi.

Vipo vifaa vya Peltier vya maabara na vya dawa vyenye kidhibiti kizuri na insulesheni nene, vinavyoshika nyuzi 4 bila kutetereka. Bei yake utaijua ukiiona. Kafriji ka kuchomeka kwenye kiberiti cha gari si kifaa hicho.

Nalima zabibu Hombolo. Naweza kujenga boksi la kupoozea kwa Peltier?

Tupige hesabu ya tenga moja la kilo 20. Zabibu karibu zote ni maji. Kushusha kilo moja kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 3.8 hivi. Kutoka nyuzi 30 hadi 5 ni nyuzi 25, kwa hiyo kilo 20 zinahitaji kilojuli 1,900. Peltier moja ikiondoa wati 25 itachukua saa 21, tena kama boksi halivujishi joto hata kidogo. Na kadiri ndani kunavyopoa ndivyo inavyozidi kuchoka. Ikifika tofauti ya nyuzi 30 au 40 inabaki na nguvu kidogo sana. Utakuwa umetumia yuniti moja ya umeme na ushee, pale ambapo kompresa ya kawaida ingetumia kama robo yake.

Usijenge. Vuna alfajiri, weka kivulini, na fedha ya Peltier kumi changieni na wenzako friji moja ya kweli.

Basi inafaa wapi?

Inafaa pale ambapo udogo, ukimya na usahihi vina thamani kuliko umeme. Mashine za PCR za maabara (za kunakili DNA), zile zinazopandisha na kushusha joto la sampuli mara kadhaa wa kadhaa, nyingi zinatumia Peltier kwa sababu kugeuza umeme tu kunageuza baridi kuwa moto. Leza za mawasiliano kwenye nyaya za faiba hushikiliwa kwenye joto moja kwa vipande vidogo vya kampaundi hii, maana joto likibadilika, rangi ya mwanga inahama. Kamera za darubini za anga hupoozwa nayo ili kupunguza kelele kwenye picha. Kote huko kinachopoozwa ni kitu kidogo.

Naweza kuibandika kwenye jiko la mkaa nikachaji simu?

Utapata umeme, ila kidogo. Tuseme umefanikiwa kuweka tofauti ya kweli ya nyuzi 60 kati ya pande mbili. Volti zinakuwa 127 × milivolti 0.4 × 60, yaani karibu 3. Ukinzani wa ndani ni omu 2 na kitu, hivyo nguvu ya juu unayoweza kuchota ni kama wati 1. Chaja ya kawaida ya simu hutoa wati 5. Ufanisi wake ni asilimia 2 hivi ya joto lililopita.

Tatizo lingine ni lehemu. Peltier nyingi za kupoozea zimeungwa kwa lehemu inayoyeyuka nyuzi 138, na ukuta wa jiko la mkaa unavuka hapo bila kutoa jasho. Zipo zilizotengenezwa kwa kuzalisha umeme zinazovumilia zaidi, na kampaundi yenyewe hufanya kazi vizuri hadi karibu nyuzi 250. Vinapatikana vijiko vya kambi vinavyotumia umeme huo kuendesha feni yao wenyewe, na hapo ndipo wazo lina akili: feni ndogo inahitaji wati moja tu, na moto unawaka safi zaidi. Kwa simu, Dodoma ina jua. Nunua kipaneli.

Naweza kuiunga moja kwa moja kwenye sola au betri?

Kwenye betri ya volti 12, ndiyo, lakini kumbuka betri ikiwa inachajiwa hupanda hadi 14.4 na joto la nyuma linapanda nayo. Kwenye paneli moja kwa moja si vizuri: wingu likipita umeme unakatika, Peltier inapanuka na kusinyaa, na vipande vya ndani ni vya kuvunjika. Kuwasha na kuzima mara nyingi kunaiua kuliko kuiendesha mfululizo kwa volti za chini.

Je, ni sumu? Niogope?

Ikiwa nzima, iliyofungwa kati ya kauri zake, usiogope. Huwezi kudhurika kwa kuishika wala kwa kukaa karibu nayo, na maji yanayopita kwenye dispensa hayaigusi kabisa. Haina mionzi ya kudhuru.

Hatari inaanza inaposagwa, inapochomwa au inapokutana na asidi. Unga wake mwepesi ukivutwa huwasha macho, pua na koo, na ukiendelea kwa muda unakaa mapafuni. Marekani sheria ya kazini inaweka kikomo cha miligramu 15 za vumbi lote, au 5 za vumbi jembamba linalofika ndani ya mapafu, kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa kampaundi isiyochanganywa. Kwa ile yenye seleni ushauri wa kiafya wa hukohuko ni 5 tu. Na kama nilivyosema mwanzo, nusu ya vipande vya Peltier yako vina seleni, na nusu nyingine vina antimoni. Kwa hiyo usipige msasa, usikate kwa msumeno wa umeme, usitoboe.

Teluri ikiingia mwilini ina tabia ya ajabu: mwili huigeuza kuwa gesi inayonuka kama kitunguu saumu, na mtu hunuka pumzi na jasho kwa siku au hata wiki, huku mdomo ukiwa mkavu na wenye ladha ya chuma. Fundi anayesaga vitu hivi akiambiwa nyumbani kuwa ananuka saumu ilhali hajala, aache kazi hiyo na aende hospitali akiwa na maelezo ya alichokuwa anashika.

Moto ndio mbaya zaidi. Wale wanaochoma mabaki ya elektroniki jalalani ili wapate shaba wanavuta mvuke wa teluri na seleni pamoja na mengine mengi ya plastiki. Asidi nayo, hasa ile kali, inaweza kutoa gesi ya hidrojeni teluridi ambayo ni sumu kali. Usiitumbukize kwenye maji ya betri eti ili uone kilichomo.

Mwisho kuna hatari ya kawaida kabisa ambayo watu huisahau. Ukiwasha 12706 kwa volti 12 bila hitisinki, upande wa nyuma unaunguza vidole kabla hujamaliza kusema "inafanya kazi", na muda si mrefu lehemu inaachia.

Imevunjika na unga umemwagika mezani. Nifanyeje?

Zima feni ya chumba. Usipulize, na usifagie kwa ufagio mkavu. Vaa glavu na barakoa, futa kwa kitambaa kilicholowa, weka kila kitu pamoja na kitambaa ndani ya mfuko, funga, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula. Mtoto akimeza kipande, mpeleke hospitali pamoja na mabaki ya kifaa, na usimlazimishe kutapika.

Mradi wangu wa chuo ni kuitengeneza kampaundi yenyewe. Inawezekana?

Inawezekana kwenye maabara yenye vifaa, na msimamizi akiwepo. Bismuthi na teluri safi sana hupimwa kwa uwiano, hufungwa ndani ya mrija wa kwazi uliotolewa hewa yote, huyeyushwa, kisha hupoozwa polepole ili fuwele ikue kuelekea upande mmoja. Hewa ikibaki, teluri inaoksidika, na mrija uliofungwa vibaya unaweza kupasuka ndani ya tanuri. Kipo kitu cha kufurahisha cha kupima: ukiyeyusha kwa uwiano kamili wa 2 kwa 3, unachopata huwa aina ya p, kwa sababu atomi kadhaa za bismuthi hukaa kwenye viti vya teluri. Ongeza teluri kidogo zaidi, inageuka kuwa n.

Kama chuo chako hakina tanuri hiyo, badili mradi. Kupima kizio cha Seebeck cha Peltier ya dukani kwenye joto tofauti, kwa maji ya moto, barafu na mita nzuri, ni kazi safi ya kisayansi. Mwenye hamu ya nadharia asome pia kuhusu uso wa fuwele hii: tangu 2009 inajulikana kuwa uso wake hupitisha umeme kwa namna ya pekee kabisa, tofauti na sehemu yake ya ndani, na wanafizikia wanaishughulikia kwa sababu ambazo hazihusu kupooza hata kidogo.

Nimeokota jiwe la kijivu linalong'aa. Laweza kuwa hili?

Kampaundi hii ipo kiasili kama madini ya telurobismuthiti, mara nyingi kwenye mishipa ya mawe meupe yenye dhahabu, lakini ni adimu. Jiwe zito la kijivu linalong'aa mara nyingi zaidi huwa galena, madini ya risasi. Galena huvunjika kwa miraba kama vibweta. Telurobismuthiti hubanduka kwa maganda laini yanayopindika na kuacha alama ya kijivu kidoleni. Usilichome kulijaribu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko hapahapa mjini na ina maabara ya kupima sampuli.

Peltier mbovu zinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu?

Hesabu yake ni ndogo. Ndani ya 12706 mna gramu 5 au 6 tu za kampaundi, na teluri humo ni kama gramu 3. Teluri ni adimu kweli duniani, nyingi hupatikana kama masalia ya kusafisha shaba, lakini kuitoa kwenye vipande hivi ni kazi ya kiwanda chenye vichujio vya moshi. Wauza chakavu wa mtaani wanataka hitisinki, na hiyo aluminiamu wauzie. Vibao vya kauri viweke kwenye boksi moja lenye mfuniko, lisilofikiwa na watoto, hadi upate mkusanyaji wa taka za elektroniki mwenye kibali. Tanzania ina kanuni za taka hizo tangu 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kuzichoma uani ni kinyume chake.